Kinu cha Alphonsine Ndani ya Simu

Jirani alipomwonyesha kwenye simu picha ya nyumba inayoungua, Alphonsine hakutazama moto. Alitazama kinu. Kilikuwa kimefunikwa mdomo chini kando ya mlango, vile wanawake wa kwao Fataki wanavyokiacha wakikimbia vita, ili mvua isijae ndani kabla hawajarudi.

"Hii nyumba ni yangu," alisema. "Iliungua kule Fataki mwaka jana."

Lakini maandishi chini ya picha yalisema: Watu wa Marabo wachoma nyumba leo asubuhi. Na vijana wa mtaa wao hapa Bunia walikuwa wameshalaza mti katikati ya barabara, wakiapa kwamba kila atakayetoka Marabo atalipa. Binti yake Espérance alikuwa huko Marabo tangu alfajiri, kununua mihogo.

Akaenda mbio kwa Fulgence, mwandishi wa habari, aliyeituma picha ile kwenye kikundi chake cha WhatsApp kinachosomwa Bunia nzima.

"Mama, siye waandishi tuko na uhuru. Kila siku wakubwa wanataka tunyamaze."

"Nani amekuambia unyamaze? Sema! Sema picha ni ya zamani."

"Nikisema nimekosea, kesho nani ataniamini?"

"Na Espérance akipigwa leo, hiyo kesho yako itanisaidia nini?"

Fulgence alishusha pumzi, akabonyeza simu. "Voilà. Nimeifuta. Imeisha."

Haikuisha. Alphonsine alipofika penye mti, vijana walikuwa wamewaka zaidi.

"Mumeona? Wameifuta! Wanaficha ukweli!"

"Watoto, ile nyumba ni yangu. Kinu ni changu!"

"Koko, bibi yetu, vinu vyote vinafanana," mmoja akacheka. "Fulgence mwenyewe hajasema kitu."

Basi Alphonsine akakaa juu ya mti ule uliolazwa, miguu ameinyoosha. Hakuna aliyethubutu kumvuta bibi. Kila pikipiki ya kutoka Marabo iliposimama, alinyanyua fimbo yake ya kutembelea kabla vijana hawajasogea: "Huyu ni mutoto wangu. Apite." Wakapita watoto ambao hakuwazaa, na jua likimchoma, mpaka jioni Espérance akatokea na magunia, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Twende nyumbani."

Kesho yake jirani akamletea simu tena. Picha mpya ya Fulgence: Alphonsine mwenyewe juu ya mti, fimbo juu. Chini yake: Hata mabibi wa Fataki wamechoka, wafunga barabara ya Marabo.

Nje, vijana walikuwa wakiburuta mti tena.

"Espérance, leo usiende popote." Alphonsine akachukua fimbo yake. "Mimi naenda kwa Fulgence. Leo atasema ukweli kwa mdomo wake, ao nitakaa juu ya simu yake."