Henry Hakufika Matsumoto

Kendi alirudi Doha kutoka Japani katikati ya wiki, na Ijumaa baada ya ibada ya kanisani, ambayo huku hufanyika siku hiyo, akaalika watu wawili tu waje wale naye: Bella, mhudumu wa hoteli aliyekuwa akikaa naye fleti moja pale Al Rayyan, na Henry, mchumba wa Bella. Alitaka kuwapikia tambi alizonunua Matsumoto, awaonyeshe picha, na aongee mpaka achoke. Safari hiyo aliiwaza tangu aanze kazi ya unesi huku Qatar. Wenzake wakipata likizo walikimbilia nyumbani Kenya, naye pia alifanya hivyo mara kadhaa, lakini kila akijilaza baada ya shifti alitazama video za mji ule mdogo wenye ngome nyeusi katikati na milima ya theluji nyuma yake. Mwishowe akaenda, peke yake, akarudi salama.

Henry alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini. Alishughulikia kompyuta katika ofisi moja West Bay, na tangu aanze kuja pale kwa ajili ya Bella, mtandao haukuwahi kuwasumbua. Yeye ndiye aliyewawekea waifai, akaifunga televisheni ukutani. Kendi aliponunua simu mpya ya safari, ni Henry aliyemhamishia kila kitu kutoka simu ya zamani na kumwekea ramani za Japani. Alikaa nayo jioni nzima, akairudisha ikiwa tayari.

"Wewe ni shemeji yangu bwana," alisema Henry, Kendi aliposhukuru. "Usinishukuru."

Tambi zenyewe zilikuwa za rangi ya udongo, zinaliwa baridi, unazichovya kwenye bakuli la mchuzi mweusi kisha unazivuta kwa mdomo. Kendi aliwaambia kule ukizivuta kimya wanadhani hujazipenda. Bella akazivuta kwa kishindo mpaka mchuzi ukamrukia kwenye blauzi, wakacheka wote. Kisha Kendi akaunganisha simu na televisheni, picha zikajaa ukutani.

Aliwaonyesha ngome. Wakaona mbao nyeusi zilizopandiana ghorofa juu ya ghorofa, daraja jekundu, na samaki wakubwa wakiogelea kwenye maji yaliyoizunguka. Aliwaeleza kwamba unaingia bila viatu, umevibeba mkononi kwenye mfuko wa plastiki, na ngazi za ndani zimesimama wima hadi unazipanda kama mtu anayepanda mti.

"Goti lilinilia," alisema. "Nilifika juu nikakaa chini kama mzee."

"Na ile ya kule kwa vyura iko wapi?" Henry akauliza. "Ile ya chura mkubwa."

Kendi akasogeza picha mbele. Kweli palikuwa na mtaa wa maduka madogo kando ya mto, wenye sanamu za vyura kila mahali. Alikuwa hajautaja bado. Lakini huenda alimtumia Bella picha, akawaza, na Bella akamwonyesha mchumba wake. Akaendelea. Akawaonyesha maghala ya kale yenye kuta nyeupe na nyeusi, ambayo siku hizi ni maduka ya vyombo na vitambaa, na visima vya maji baridi vilivyo barabarani, ambavyo mpita njia anakinga kikombe akanywa.

"Hapo dukani nilinunua huu," alisema, akamrushia Bella mpira mdogo uliofumwa kwa nyuzi za rangi, unaotoshea kiganjani. "Nilisimama hapo muda, sijui nichukue upi."

"Ulishika wa kijani kwanza," Henry alisema, akivuta tambi. "Ukaurudisha."

Bella hakusikia, alikuwa akiugeuzageuza mpira wake karibu na dirisha. Kendi alisikia vizuri. Wa kijani aliushika kweli, akaurudisha. Hakupiga picha akiwa nao. Hakumwambia mtu. Simu alikuwa nayo mkononi tu, akisoma bei.

Akamtazama Henry. Henry alikuwa akifuta mdomo kwa karatasi, uso wake mtulivu kama kawaida.

"Wewe ulishawahi kwenda Japani, Henry?"

"Mimi? Ningeenda lini? Hata visa yao siijui inafananaje." Akatabasamu. "Lakini umefanya vizuri kwenda. Na ulivyomwonyesha mama ile milima, pale juu, aki hata mimi niliguswa. Popote alipo, alifurahi."

Mkono wa Kendi ulikaza kwenye simu. Mama yake alikuwa amefariki. Kule juu kabisa kwenye ngome, mbele ya dirisha dogo, watu walipopungua, alijirekodi akiongea naye. Mama, ona milima. Mama, nimefika. Alilia mpaka sauti ikamwishia. Kisha akaona haya, akaifuta video ileile, palepale, kabla hajashuka ngazi.

Aliinuka akakusanya mabakuli. "Nawaletea chai," alisema, na sauti yake ikatoka vizuri kuliko alivyotarajia. "Bella, njoo unisaidie."

Jikoni alifungua bomba maji yatiririke kwa nguvu, akamweleza Bella kwa kunong'ona. Bella alikunja uso kabla hajamaliza.

"Si ulimwambia? Ama uliniambia mimi nikamwambia."

"Nilikuambia nilimlilia mama kwenye ngome?"

Bella akaanza kusuuza bakuli.

"Nilikuambia lini kwamba nilishika mpira wa kijani?"

"Kendi, usianze. Kwa sababu mimi nina mtu na wewe huna..." Alishika ukingo wa sinki. Maji yaliendelea kumwagika, na Kendi aliona rangi ya uso wa rafiki yake ikibadilika polepole. "Kuna wiki nilibadilishana shifti na Mfilipino mmoja kazini," Bella alisema. "Sikumwambia mtu. Nilitoka hotelini kwa mlango wa nyuma, nikamkuta Henry amesimama hapo na kahawa yangu. Alisema roho ilimtuma tu. Mimi nikaona ni mapenzi."

"Mnaongea nini huku?"

Henry alikuwa mlangoni. Hawakusikia nyayo zake. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akanyoosha mkono kwa upole juu ya sinki, akafunga bomba.

"Mnamwaga maji bure," alisema. Kisha akamgeukia Kendi, kiganja kikiwa wazi. "Nipe simu nikupunguzie picha. Imejaa sana, ndiyo maana inakwama kwenye televisheni."

Haikuwa imekwama hata mara moja.

"Nimeiweka chaji chumbani," Kendi alisema. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa gauni lake, aliihisi pajani. "Baadaye, shemeji. Kunywa chai kwanza."

Kiganja kilibaki hewani kitambo. Halafu Henry akacheka kidogo, akakirudisha.

Alikunywa chai bila haraka. Aliwaambia kwamba wakishaoana, yeye na Bella wangeenda Matsumoto pia. "Tutalala ile hoteli yako," alimwambia Kendi. "Chumba kama kile, cha upande wa reli. Ingawa usiku treni zilikusumbua, eh?" Wito wa swala ya alasiri uliposikika kutoka msikiti wa jirani, Henry aliinuka, akambusu Bella kwenye paji la uso, akaondoka. Kendi alifunga mlango kwa ufunguo, kisha akakumbuka kwamba kitasa kile, kilipoharibika, alikibadilisha Henry. Wakasukuma kochi mlangoni.

Mtu waliyemwamini alikuwa Nahashon, fundi wa kompyuta pale hospitalini kwa Kendi. Hawakumpigia. Walitoka na teksi waliyoisimamisha barabarani, simu zote mbili wakiwa wamezizima, wakamfuata kwake. Nahashon alizichukua, akakaa nazo mezani mkewe akiwapa maji. Mwishowe akainua kichwa.

"Programu ya kupelelezea iko kwenye zote," alisema. "Anaona mnachoona. Kamera, maikrofoni, mahali mlipo. Ukifuta kitu kwako, kwake kinabaki." "Kendi, hata usipoigusa simu, anaweza kufungua kamera."

Kendi alikumbuka chumba cha hoteli, na simu iliyosimama kando ya kitanda ikiwa imeegemezwa kwenye taa. Alitoka nje kwenye joto, akatapika kando ya ukuta.

Walipeleka simu polisi siku iliyofuata. Pete Bella aliirudisha kwenye ukumbi wa hoteli anayofanyia kazi, mbele ya walinzi, kwa sababu hakutaka kukutana naye mahali pengine. Alitaraji angekana. Henry hakukana.

"Nilikuwa nawalinda," alimwambia, kwa sauti ileile ya chini. "Mwanamke anaenda peke yake nchi ya watu, nani angejua akipotea? Nilikuwa naye kila hatua. Hata asante hajasema."

Polisi walichukua kompyuta yake na pasipoti, wakamwachia arudi kwake palepale Doha uchunguzi ukiendelea. Kendi na Bella wakahama Al Rayyan, wakapata chumba Umm Salal kwa mama mmoja wa Uganda, Shamira, ambaye hakuuliza maswali. Walinunua simu mpya wakaziwasha wenyewe. Bella alizifunika kamera kwa plasta. Akilala, aliiweka yake ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Halafu afisa akamwita Kendi tena. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho yaliyochoka. Aligeuza kompyuta yake ili Kendi aone, kwa uangalifu, sura tu, mengine yote ameyafunika.

"Hawa wengine," alisema. "Tunatafuta majina yao. Unamjua yeyote?"

Nyuso zilipita moja baada ya nyingine. Kuna aliyekuwa akipika, na aliyekuwa amelala mdomo wazi. Hakuna aliyekuwa akitazama kamera. Kendi alitikisa kichwa, akatikisa tena, kisha akasema, "Simama hapo."

Alikuwa Damaris, anayeimba naye kwaya, aliyekaa kando yake Ijumaa iliyopita. Picha ilionyesha tarehe. Ilikuwa ya jana.

"Jana?" Kendi aliuliza. "Si kompyuta mnayo ninyi?"

"Kompyuta tunayo," afisa alisema taratibu. "Lakini picha bado zinaingia, na huenda ana kifaa kingine cha kuzitazama."

Kendi alitoka ofisini akampigia Damaris. Damaris aliipokea haraka, akamtambua kwa sauti, akachangamka, nyuma yake kelele za magari.

"Kendi! Nambari mpya? Hebu niambie, bana, lini utatuletea picha za Japani?"

"Damaris, nisikilize. Uko wapi sasa hiv..." Akajiuma ulimi. "La. Usiniambie. Usiseme chochote. Ingia mahali penye watu wengi, zima hiyo simu, halafu usitoke."

"Kwa nini? Kendi, kuna nini?"

"Izime tu," Kendi alisema, tayari akikimbilia ngazi, asijue aelekee upande gani wa mji.