Mkaratusi Ndio Nini?

Kongamano lenyewe liliitwa "Suluhisho Endelevu kwa Mazingira na Jamii", jina refu kuliko foleni ya maji tuliyokuwa tukipanga mtaani kwetu Lizaboni kabla mama yangu na wenzake hawajang'oa milingoti. Milingoti arobaini ilikuwa imeizunguka chemchemi yetu, inakunywa kama imealikwa harusini. Miaka mitatu kamati ya mama ilikata, ikachimba visiki, ikachoma mizizi. Maji yakarudi. Viganja vya mama yangu, Epifania, mwenyekiti wa kamati, hadi leo ni soli ya kandambili.

Ndiyo maana alialikwa. Mimi nilimsindikiza kwa sababu nina shati lenye kola.

Ukumbini, mtaalamu wa shirika, Osmund, alituonyesha picha za kijani ukutani, kisha akasema, "Tutapanda miche mia tatu ya mikaratusi kuizunguka chemchemi ya Lizaboni. Mashimo kamati imeshachimba. Mnaoafiki?"

Mama akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Mimi nikanyoosha yote miwili. Mkaratusi nilidhani ni mti wa kwenye Biblia, jamaa ya ule aliopanda Zakayo.

Wakati wa chai tukatoka nje. Pikapu imejaa miche. Mama akachuma jani, akalifikicha, akanusa, akanisogezea puani. Harufu ile ile ya kujifukizia mafua chini ya blanketi.

"Dennis, hiki nini?"

"Mlingoti, mama."

Nikaweka chapati chini. Mama alishamfuata Osmund.

"Baba, hii miche ni milingoti."

"Hapana, mama," Osmund akatabasamu, kijiti cha meno mdomoni. "Hii ni mikaratusi."

"Mkaratusi ndio nini?"

"Mti unaokua haraka."

"Unakunywa maji?"

"Mama, kuna mti usiokunywa maji?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi, ninayechekesha mtaa mzima, sikucheka. Nilitamani kumvua tai yake nimfungie nayo mdomo.

"Kaka," nikamwambia, "nikikuita Bartolomeo utaacha kuwa Osmund?"

"Kijana, tuheshimiane. Azimio limeshapita. Mama mwenyewe amenyoosha mkono, na sahihi yake hii hapa."

Akatikisa karatasi ya mahudhurio. Ya mahudhurio! Ile tuliyosaini mlangoni kabla hata ya kusikia salamu.

"Basi andika mlingoti," mama akasema. "Neno moja tu. Halafu rudi ukumbini uwaulize watu upya."

"Miche haiwezi kusubiri, mama. Kama una maoni, sanduku lile pale." Akaenda kuongeza chai.

Mama akavua beji shingoni, ile iliyoandikwa MNUFAIKA, akaitumbukiza kwenye sanduku la maoni.

"Twende."

"Na pilau?"

Jicho alilonipa sitalisahau.

Tulirudi Lizaboni kwa bodaboda. Mama akapita nyumba kwa nyumba, hata hodi hakumaliza. "Rosemary, toka na jembe! Tumpe, lete na la mumeo! Ni milingoti ile ile, wameibadilisha jina tu!"

Mashimo mia tatu. Jumamosi, tulipoambiwa tu kwamba miti inakuja, tuliyachimba kwa nyimbo, na Tumpe alikatika kiuno hadi jembe likamponyoka. Sasa tuliyafukia bila wimbo. Mimi kila shimo nililifukia na tusi lake, na mama, ambaye hunifinya nikisema "mjinga" tu, alinisikia na hakunikataza.

Saa tisa pikapu ikafika. Osmund akashuka, amekula, ameshiba, viatu vinang'aa. Akatazama huku, akatazama kule. Udongo mtupu, umekanyagwa ukakanyagika.

"Mama, mashimo ya mikaratusi yako wapi?"

Mama akaegemea jembe, jasho linamtiririka hadi kidevuni.

"Mikaratusi?" Akatugeukia. "Jamani, kuna anayeujua mti huo?"

Tukatikisa vichwa.

"Huku hatuujui, baba. Geuza gari."