Maji ya Asiye na Jina

Mtoto wa mkwe wangu Ninhedu alitoka akiwa ameshakufa. Nilimfunga kitambaa cha sufu, nikamlaza ndani ya chungu, na mwanangu Lunana akachimba sakafu ya chumba cha nyuma, pale walipo babu zake. Watatu wangu, nao hawakulia, niliwazika hivyohivyo, kwa mikono hii, na hakuna aliyenisikia nikilalamika. Kwa hiyo mkwe wangu aliposema anataka mtoto apewe jina, nilikasirika kwelikweli.

"Jina anapewa mtu aliyelia," nikamwambia. "Huyu hakulia."

"Nimelia mimi, Mama. Haitoshi?"

Hapa mjini Gudua, siku ile mwezi unapopotea angani, kila nyumba huwamwagia wafu wake maji kupitia bomba la udongo lililopenyezwa sakafuni. Unaita jina, unamwaga, aliyeitwa anakunywa. Asiye na jina haitwi. Huyo ni wa Ereshkigal, Malkia wa Chini kwa wafu, na tangu nikiwa mdogo naambiwa kwamba kumpa jina ni kumwibia Malkia. Sikuwahi kuuliza aliyeona ni nani.

Siku ikafika. Mwombolezaji Namhani alikuja mchana, kama kawaida yake, akafyonza kwanza pombe yetu ya shayiri kwa mrija wa tete mpaka mtungi ukaanza kukoroma. Jirani yetu Kubatum naye akaja, na wanawake wengine wa uchochoro wetu. Kubatum hana jema. Aliketi pale akitukagua mikeka.

Namhani akaimba. Sauti anayo, siwezi kumnyima. Aliimba jinsi Malkia alivyolala chini kule kwenye giza, mabega wazi, hana hata shuka, anawalilia watoto wake. Kila mwezi tunausikia wimbo huo na kila mwezi tunajifuta machozi, kisha tunakula vitunguu na samaki.

Lunana akaita majina ya babu zake, akamwaga. Alipomaliza, Ninhedu akauchukua mtungi wa maji mikononi mwake.

"Na wewe, Ursag," akasema.

Namhani akainua mkono. "Ngoja, binti. Unamwita nani?"

"Mwanangu."

"Yule wa juzi? Yule ni wa Malkia. Unataka Malkia aje huku juu kukufuata?"

"Aje. Nyumba anaijua. Juzi aliingia bila kupiga hodi."

Nilimfinya mkono. Aliutoa mkono wake taratibu, bila hata kunitazama.

"Namhani, umeimba sasa hivi kwamba Malkia analilia watoto wake," akasema. "Wanaitwa nani?"

"Wimbo hauwataji."

"Nani anawamwagia maji?"

"Binti, wale ni watoto wa miungu, hawana haja na—"

"Nimeuliza nani anawamwagia."

Namhani akamtazama Lunana, Lunana akatazama mguu wake. Mwanangu ni mtu mzuri, lakini siku kama hizo huwa anatafuta mahali pa kujificha.

"Hakuna," akasema Ninhedu. "Basi mimi na yeye hali yetu ni moja. Mwanamke amelala huko analia tangu enzi za mababu zetu, ninyi mnamwimbia halafu mnaenda kula, hata tone hamjampelekea. Na mimi ndiye mnayeniambia nimwogope."

Akapiga magoti. "Ereshkigal, haya ni ya wanao. Majina siyajui, waite mwenyewe. Na haya ni ya mwanangu Ursag. Kama umechukia, mimi ni Ninhedu, nakaa hapa karibu na mfereji, sihami."

Maji yakashuka kwenye bomba. Tukangoja. Ukuta haukupasuka, mbuzi wa jirani akaendelea kulia huko nje.

Namhani akainuka. Akanigeukia mimi. "Bibi Gemesuda, mkubwa wa nyumba hii ni wewe. Sema neno moja tu, nilizibe bomba hili kwa udongo, tuombe radhi, yaishe."

Wote wakanitazama. Niliogopa, sitasema uongo. Bomba likizibwa, Ursag hataitwa tena, na babu zake watakaa na kiu pamoja naye. Lisipozibwa, hasira ya Malkia itakuwa juu yangu. Nami miaka yote hiyo nimefagia sakafu ile kila asubuhi, na kila nikifika pembeni pale walipolala watatu wangu ufagio unakwenda polepole, na mume wangu hakuwahi kujua kwa nini.

"Lete mtungi," nikamwambia Ninhedu.

Akaukumbatia.

"Lete, mwanangu. Sikunyang'anyi."

Magoti yangu hayana adabu siku hizi, yalilia mbele za watu. Nikainama kwenye bomba. Majina nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu zamani, nimeyameza, sijamtajia mtu.

"Kuninda," nikaita, nikamwaga. "Lubanda." Hapo nikapaza sauti, maana sikutaka huyu wa mwisho aitwe kwa kunong'ona. "Ninsaga, mama. Kunywa."

"Malkia atakasirika, bibi," akasema Namhani.

"Mwambie ni Gemesuda. Watatu wangu anao yeye. Nataka kujua atanifanya nini zaidi ya hapo."

Namhani akakusanya vitu vyake akatoka, na pombe iliyobaki akaiacha, jambo ambalo sijawahi kuliona. Ninhedu alikuwa amekaa sakafuni kando yangu, bega lake limenigusa, analia bila kujificha. Nami nikalia. Nilikuwa na kilio cha miaka mingi.

Kisha Kubatum akainuka. Nilijiandaa kwa maneno yake, kwa kuwa namjua. Akaja mpaka kwenye bomba, akasimama.

"Gemesuda," akasema, "maji yamebaki?"

"Mfereji umejaa," nikamwambia. "Piga magoti."