Kibonyeo cha Kombe

Kombe lilikuwa liking'aa mezani kiasi kwamba fundi alijiona meno yote, na bado hakuacha kulisugua. Alikuwa mgeni katika mji wa wakwe zake, na mpaka siku hiyo alikuwa ameletewa sufuria zilizotoboka tu. Kamati ya mpira ilikuwa imemwambia asafishe kombe kwa ajili ya fainali ya jioni, basi. Lakini ubavuni aliona kibonyeo cha ukubwa wa kidole gumba, akajisemea, hapa ndipo watanijua mimi ni nani. Akakigonga taratibu kwa nyundo ya mbao, asubuhi nzima, hadi kikatoweka.

Mama mkwe alipoingia na birika la chai, nusura limponyoke.

"Mwanangu, umelifanya nini?"

"Nimelinyoosha, mama. Si limekuwa jipya?"

"Nani aliyetaka jipya? Zamani hizo nahodha mmoja aligeuza kombe nyundo, akapigilia nguzo ya goli iliyolegea, mechi ikaendelea! Tangu siku hiyo, kila nahodha anayeshinda hulinyanyua kidole gumba kikiwa ndani ya kibonyeo hicho. Marehemu baba mkwe wako alikitia chake mara mbili."

"Nahodha wa timu gani?"

"Waokaji wanasema wao, maseremala wanasema wao. Hawajawahi kuelewana."

Fundi alinywea. Akainyakua nyundo ili alibonyeze tena, lakini mama mkwe akamshika mkono. "Ukibonyeza wewe, hiyo ni kazi ya fundi tu."

Mlangoni kamati ilikwisha kubisha hodi.

Jioni waokaji waliwashinda maseremala. Nahodha wao akalipokea kombe, mikono ikimtiririka jasho, kidole gumba kikapapasa huku na huku. Shangwe zikakatika.

"Kiko wapi?"

Fundi alitamani ardhi immeze. Hata hivyo akasimama. "Ni mimi. Nilidhani ni ubovu."

"Lete nione!" akafoka nahodha wa maseremala, akalivuta. Nahodha wa waokaji naye akalivuta. Wote wawili walikitafuta kibonyeo kwa vidole, na fundi wa watu alikuwa amelisugua likawa na utelezi wa sabuni. Likawaponyoka, likapiga ngazi ya jukwaa, kwang'a!

Nahodha wa waokaji akaliokota, akaligeuza, kidole gumba chake kikazama katika kibonyeo kipya ubavuni.

"Umeliangusha wewe!" akasema nahodha wa maseremala.

"Wewe ndiye uliyevuta!"

"Sisi ndio tuliolibonyeza, basi!"

"Thubutu! Ni sisi!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, na ubishi ukasambaa safu kwa safu, wazee wakinyoosheana vidole kwa furaha kama vijana. Fundi alicheka hadi machozi yakamtoka, kwa ahueni na kwa kuwapenda watu hawa ghafla.

"Fundi, njoo!" nahodha wa waokaji akaita. "Tia na chako."

Akapanda jukwaani, akakitia.

"Jamani, mpekueni kwanza!" mama mkwe akapaza sauti kutoka nyuma. "Asije akawa na nyundo!"

Fundi akaipindua nje mifuko yote miwili ya suruali yake, mbele ya mji mzima.