Tafsiri ya Eliakunda

Careen alikuwa na kijiko cha pilau mdomoni mama yake mdogo, Rahab, aliposimama katikati ya sebule na kutangaza kwamba leo hakuna kuangalia mpira.

"Leo tunaangalia filamu ya binti yetu! Mtoto anasomea sinema chuo kikuu, mwalimu wake kaiweka YouTube, halafu mimi natumiwa WhatsApp na watu baki. Watu baki, jamani! Careen, sisi tumekukosea nini?"

 Careen alilimeza pilau lile bila kutafuna. Mtu akikwambia dunia haiwezi kukuangukia Jumapili mchana, Burnsville, kando ya Minneapolis, watu wametoka kanisani na viatu vya theluji vimejaa mlangoni, mwambie akamuulize Careen.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na kitu tu, lakini aliiandika kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu huyo ndiye aliyekaa pale kwenye mkono wa kochi akichokoa nyama ya Careen kwenye sahani ya Careen: Eliakunda, nesi, msichana mwenzake na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Careen alimpenda, na si kirafiki. Alimpenda hadi akiona simu yake inaita anakaa chini kwanza. Kusema kwa mdomo kulimshinda, ndipo akaandika filamu. Alipanga amwonyeshe wiki ijayo, wawili tu, kisha amuulize: na wewe je?

"Mama mdogo, ni Kiingereza kitupu," alijitetea. "Hamtafurahia."

"Kwani Elia kafa?" mama mdogo akauliza.

Sebule nzima ikalipuka kwa makofi. Eliakunda alikulia Moshi, nyuma ya kibanda umiza, vile vibanda vya video ambako jamaa mmoja anashika maiki na kutafsiri filamu nzima peke yake: jambazi yeye, mrembo yeye, mbwa yeye. Kila sherehe ya Watanzania wa huku walimwomba afanye hivyo, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Akaenda jikoni, akarudi na mwiko.

"Baba mdogo Geofrey, punguza sauti ya hao Wazungu," akasema, mwiko kaushika mbele ya mdomo kama maiki. "Haya, mabibi na mabwana, kaeni vizuri, mwenye kikohozi akohoe sasa hivi!"

Careen alimshika mkono. "Elia, usifanye. Nakuomba."

"Acha aibu wewe, filamu yako nzuri!" Alikuwa hajaiona hata kidogo.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Wasichana wawili kwenye filamu, Megan na Nora, wanafua nguo, wanagombana kuhusu gari lisilowaka. Elia akawapa sauti za wamama wa sokoni, watu wakavunjika mbavu. Ikaja sehemu ya kituo cha basi, theluji inaanguka. Megan kapoteza glavu zake. Nora anavua glavu moja, anamvisha mwenzake, kisha mkono wake usio na glavu anaushikanisha na ule mtupu wa Megan, anaiingiza yote miwili mfukoni mwake.

"Jamani baridi hii," Elia akasema kwa sauti ya bibi kizee, "hata shetani angehamia Texas..."

Akanyamaza. Glavu ile ilikuwa yake. Mwaka jana, Minneapolis, nje ya hospitali anakofanya kazi, yeye na Careen walisubiri basi hivyohivyo, mikono miwili mfuko mmoja. Akageuka, akamtazama Careen. Careen akamtazama pia, uso unamchoma kama kauweka juu ya sufuria, na pamoja na hofu yote ile, ndani yake kitu kikasema: sasa anajua. Sasa atanijibu.

"Mbona umekatika?" mama mdogo akalalamika. "Tafsiri!"

Kwenye filamu walikuwa jikoni. Megan akamwambia Nora kwamba anampenda, na si kama rafiki.

"Anasema..." Elia akakohoa. "Anasema kapata kazi mbali sana. Anaomba wahame wote wawili, wakaishi huko."

"Aende!" akadakia mama mmoja. "Ovataimu ipo?"

Alice, binti wa mama mdogo, aliyekaa kwenye zulia karibu na TV, aligeuka na kusema kwa Kiingereza kwamba yule dada hakusema hivyo hata kidogo.

"Nyamaza, Kiswahili chenyewe hukijui," mama yake akamkatiza.

Kwenye TV Nora alikuwa anacheka huku analia. Akajibu kwamba hata yeye anampenda, tangu siku ile ya glavu. Hilo ndilo jibu Careen alilokuwa akiliota mwaka mzima.

Elia alishusha mwiko. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, pole pole, bila kuangalia TV.

"Siwezi, Careen. Nakupenda mno, Mungu anajua. Lakini huko siwezi kwenda na wewe."

Mtu akacheka nyuma. "Huyo kakosea jina! Anaitwa Megan!"

   Careen alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kuchekwa, hata kwa kufukuzwa nyumba hii. Kwa upole ule hakuwa amejiandaa, na ndio uliomuua.

Kwenye TV wale wasichana wakakumbatiana, wakang'ang'aniana, hawaachiani.

"Ala!" mama mdogo akashangaa. "Sasa kama kakataa, mbona wanakumbatiana hivyo?"

Elia alikuwa bado anamtazama Careen, machozi yanamlengalenga.

"Wanaagana, mama," akasema. "Hapo wanaagana."