Minyororo ya Theluji Wadi Kabir

Mume wangu Amur amekulia Maskati, na barafu anayoijua ni ile ya kwenye jagi la sharubati. Mwezi uliopita alirudi nyumbani Wattaya akaniambia kampuni inatafuta dereva wa kupeleka tende Uturuki, katikati ya baridi, kwa njia ya milimani. Alinipa habari hiyo huku anatabasamu, kama mtu aliyealikwa harusini. Mimi usingizi ulinipaa.

Sheria za huko, akanieleza, ni kali. Lori zito halipandi mlima wenye theluji bila minyororo kwenye magurudumu yanayolisukuma. Unasimama pembeni kabla hujaanza kupanda, unaifunga, kisha unakwenda polepole. Ukishafika kwenye lami kavu unaifungua. Asiyefunga hurudishwa na polisi, au huteleza akaishia bondeni. Hilo la bonde ndilo lililonikaa moyoni.

"Usende," nikamwambia.

"Nadra, mimi nnaendesha malori tangu sijakuoa."

"Kwenye mchanga!"

Thabit, mkuu wa madereva, aliweka mtihani kwenye uwanja wa gereji Wadi Kabir. Alinunua barafu ya kusaga kwa wauza samaki, akaimwaga chini ya magurudumu ya lori, akatoa masharti: dereva avae glavu nene, afunge minyororo yote miwili na amalize kabla barafu haijayeyuka. Akishindwa, safari anapewa mwengine. Na jua la Maskati halina huruma hata wakati wa baridi.

Hapo nikapata akili. Amur ana ugonjwa mmoja: salamu. Hawezi kuitikia salamu ya mkubwa wake bila kusimama wima, kujifuta mikono na kuulizia mpaka jamaa waliobaki Unguja. Na katika ukoo wao hakuna anayesalimia kwa urefu kama shangazi yake, Bi Masouda. Ukimwitikia umekaa, atakununia mpaka Idi. Nikampigia simu, nikamwambia Amur ana mtihani, twende akamwombee dua. Zaidi ya hapo sikusema.

Tulipofika, paka wa Wadi Kabir walikuwa wameshaizunguka ile barafu yenye harufu ya samaki. Amur alikuwa amepiga magoti, mnyororo wa kwanza ameufunga, wa pili yumo mbioni kuufunga. Nikajificha nyuma ya shangazi.

"Amur, mwanangu! Hujambo?"

Kazi imekwisha, nikajisemea.

"Sijambo, shangazi. Shikamoo." Kichwa chake kilibaki kule kule chini ya lori.

"Marahaba. U hali gani? Bashayer na wadogo zake hawajambo? Mbona sikuoni?"

Akazidi kuvuta. Mnyororo tu ndio uliolia.

"Amur! Nnasema na wewe!"

"Nisamehe, shangazi. Nikiinuka sasa, huu nitaufunga ovyo, na kule mlimani nitaufunga ovyo vile vile. Nadra halali kwa hofu. Mimi nnataka kurudi kwake."

Bi Masouda akageuka akanitazama. Machozi yalikuwa yananitoka, na hasira nilikuwa nazo pia, maana nani anapenda kuona mpango wake mwenyewe unamgeuka? Mtu huyu, ambaye hajawahi kumkatiza mkubwa maneno tangu azaliwe, amemkatiza shangazi yake kwa ajili yangu.

Barafu ilishakuwa maji, imebaki kidogo chini ya gurudumu. Ncha ya mnyororo ilikwama upande wa ndani na mkono wake haukuifikia. Nikaingia na ndara zangu kwenye yale maji ya samaki, nikainama, nikaivuta, nikamtia mkononi.

"Shika, Baba Bashayer. Kaza vizuri."

Thabit akafungua mdomo. "Hairuhusiwi mtu—"

"Na wewe Thabit, hujambo?" Bi Masouda akamdaka. "Mama yako hajambo? Bibi yako je, yule wa Mkunazini, kule Unguja?"

Thabit naye amelelewa. Akasimama wima, akajifuta mikono, akaanza kujibu, na shangazi hakumwachia pumzi. Amur akakaza, akasogeza lori mbele kidogo, akashuka, akakaza tena, maana minyororo hulegea lori likishatembea kidogo.

Alipomaliza, kipande cha mwisho cha barafu kilikuwa bado hakijayeyuka. Akavua glavu, akanitazama miguu iliyolowa.

"Ulikuja kunizuia?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Sasa nenda. Ila ukikaribia mlima, usingoje polisi akwambie. Simama, ufunge."