Kisu cha Kinyozi

"Hiyo ni ya kumalizia, bana. Na wewe hata hujaanza."

Jepchumba, mwenye duka la vyuma Kitale, alimtazama Wekoye kama mtu anavyotazama kuku aliyeingia sebuleni. Wekoye, kinyozi wa Kimilili huko Bungoma, alikuwa ameshika tupa laini, akiipapasa kwa kidole gumba kana kwamba ni shingo ya mteja.

"Chuma chako ni gani?"

"Springi ya pikapu."

"Ati springi! Si uchukue hii ya meno makubwa ikule unene kwanza. Na hiyo laini utasugua mpaka upate wajukuu."

"Hiyo inakwaruza," alisema Wekoye, kwa maringo ya mtu anayejua videvu. "Mimi nataka kisu cha kung'ara."

Kisu kilikuwa cha Jumamosi. Siku hiyo, kule kijijini Kwanza, angekata bega la mbuzi mbele ya ukoo wa Gathoni, mchumba wake, kama desturi yao ya ndoa inavyodai. Baba mtu, Mzee Thuo, alikwisha kutangaza kwamba mtu wa Bungoma akionyeshwa mbuzi hutafuta manyoya, amezoea kuku tu. Wekoye akaapa kuja na kisu alichokitengeneza mwenyewe, mzee akose la kusema.

Wiki nzima alisugua, kwenda na kurudi, kama anayepiga viatu brashi. Wateja walisubiri na vichwa nusu nusu. Chuma kiling'aa ajabu. Ukingo ukabaki mnene kama wa sufuria. Alipojaribu nyanya, ilipasuka; akasema imeiva mno.

Jumamosi bega la kuchoma likaletwa kwenye sinia. Wekoye, ndani ya suti, akachomoa kisu. Shangazi mmoja akakipokea, akajitazama meno, akatoa kipande cha sukuma wiki kilichonasa, akamrudishia.

"Asante, kijana. Kioo kizuri."

Kisu kiliteleza juu ya nyama. Akakandamiza, kikateleza tena. Mtu akawika kama jogoo nyuma ya hema, na upande mzima wa Thuo ukaangua kicheko.

Thuo akamnyooshea kisu chake mwenyewe, cheusi, kimeliwa na miaka. "Shika. Ama tukukatie, halafu tukutafunie?"

Gathoni aliinamisha uso. Wekoye angekipokea, hata watoto wao wangesimuliwa aibu hiyo.

Wekoye hakukipokea. "Mzee, hapa kwako hakuna tupa ya jembe?"

Tupa ikatoka stoo, ina kutu, meno kama ya mamba. Wekoye akakilaza kisu kwenye ukingo wa benchi, akaanza tena: kwenda na kurudi.

"Sukuma tu, mjinga wewe!" alifoka Thuo. "Ikirudi, iinue! Nani alikufunza?"

"Hakuna, baba."

"Inaonekana!"

Mzee akavua koti, akachuchumaa, akakishikilia kisu kwa mikono miwili kisicheze. Unga wa chuma ukaanza kuangukia viatu vya wote wawili. Nyama ilikuwa inapoa. Gathoni akafungua leso yake, akawa anafukuza nzi.